Nasaha kwa Mwenye Kutaka Kununua Nyumba ya Kupangisha

Alhamisi moja baada ya sala ya Alasiri, watoto wa madrasa walipokwisha kufunga misahafu yao na kwenda zao, alikuja barazani petu mama mmoja mjane, mkaazi wa hapa Moshi. Mkononi alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi tatu: nakala ya makubaliano ya kiwanja yasiyotiwa sahihi, ramani ya nyumba ya vyumba kumi, na hesabu iliyoandikwa kwa mkono wa dalali. Baada ya salamu alisema, “Maalim, kiwanja hiki kiko upande wa Longuo, si mbali na hospitali ya KCMC. Dalali asema nikijenga vyumba kumi vya wanafunzi, fedha zangu zitarudi zote kwa miaka mitatu. Fedha nilizo nazo ni shilingi milioni 30, mafao ya marehemu. Wanangu wawili bado wadogo. Nisomee, kisha unishauri.”

Ndugu msomaji, hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atuachie zile karatasi hadi Jumapili. Sababu yake ni kwamba mali ile haikuwa yake peke yake, bali ndani yake mlikuwa na mafungu ya mayatima, na Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratun Nisaa, aya ya 10, ametoa onyo kali kwa mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma. Sababu ya pili ni yetu wenyewe, nayo twaona haya kuisema, walakini tutaisema, kwa kuwa katika nasaha hapana faida ikiwa mwenye kunasihi aficha kosa lake.

KOSA TULILOLIFANYA

Miaka kadhaa iliyopita fundi cherehani mmoja, mtu mwaminifu aliyeweka akiba kidogo kidogo kwa muda mrefu, alituita tuwe shahidi wa mauziano. Alikuwa ananunua kipande cha kihamba katika kijiji kimoja cha mlimani, juu kidogo ya mji, akikusudia kujenga vyumba vya kupangisha. Muuzaji alikuwa kijana, mtoto wa kwanza wa marehemu mwenye kihamba. Tulikwenda, tukaona mipaka imepandwa masale kama ilivyo desturi ya Wachagga, tukawaona majirani wawili, tukaona kijana mwenyewe asali na azungumza kwa adabu. Tukasema moyoni kwamba ushahidi umetimia. Tukatia sahihi.

Hatukuuliza swali moja tu: marehemu aliacha warithi wangapi? Laiti tungaliuliza, tungaliambiwa kwamba aliacha mabinti wawili, mmoja ameolewa Tanga na wa pili Mombasa, na kwamba mirathi haijafunguliwa mahakamani wala hapana msimamizi aliyeteuliwa. Fundi alikwisha jenga msingi na kupanga matofali dada wawili walipokuja na madai yao. Shauri lilikwenda mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mauziano yakatanguka, kwa kuwa kijana aliuza kisichokuwa chake peke yake. Wazee walichukua jani la isale wakaenda kuomba msamaha kwa wale dada, kwani mmea huo huo uwekao mpaka ndio pia hutumika kutafuta suluhu katika milima hii. Nasi tulikwenda pamoja nao. Dada walisamehe. Lakini fundi alirudishiwa sehemu tu ya fedha zake, na ule msingi hakuuhamisha mtu. Mpaka leo tukipita karibu na duka lake, yeye ndiye hututangulia kwa salamu, na sisi ndio tuinamishao macho.

Kwa hiyo haya tuyaandikayo si maneno ya mtu aliyesoma tu vitabuni. Ni maneno ya mtu ambaye sahihi yake ilimtia mwenziwe hasarani.

MJI WETU NA WANAFUNZI WAKE

Haifai kusema kwamba dalali alikuwa mwongo katika kila neno. Ni kweli kwamba Moshi ni mji wa wanafunzi. Mji huu ulikua baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911, ukawa mji wa kahawa na wa vyama vya ushirika, kwani hapa ndipo wakulima walipounda chama chao mwaka 1925, na hapa ndipo kilipoandikishwa Chama Kikuu cha KNCU mwaka 1933. Baadaye zikaja shule na vyuo. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Ushirika, ambacho mwaka 2014 kilikuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mwaka huo huo wa 1963 kilianzishwa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, huko juu mlimani. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na kando yake kikakua chuo cha udaktari na uuguzi. Kipo pia Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge. Vyuo vina mabweni yao, walakini si kila mwanafunzi apataye kitanda, na asiyepata hutafuta chumba mitaani.

Tena ardhi ya mji ni ndogo. Manispaa ya Moshi haifiki kilomita za mraba 60, na sensa ya mwaka 2012 ilihesabu ndani yake watu 184,292. Upande wa juu umebanwa na vihamba vya migomba na kahawa, na upande wa chini na mashamba. Kwa hiyo bei ya kiwanja hupanda, na mwenye nyumba hupata wapangaji. Hayo yote ni kweli.

Lakini ukweli wa jumla haumhakikishii mtu mmoja riziki yake. Wenye nyumba waliotegemea wanafunzi waliuona ukweli huo mwezi wa Machi mwaka 2020, vyuo vyote nchini vilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, visifunguliwe mpaka tarehe 1 Juni. Kabla yake, mwezi wa Februari mwaka 2016, Tume ya Vyuo Vikuu ilifuta vibali vya vyuo vya Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Na mwezi wa Aprili mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zenye nafasi za wanafunzi 3,840 kwa mara moja. Mwenye chumba jirani na chuo hana uwezo wa kuzuia jambo lolote kati ya hayo. Basi na ajiulize kabla ya kununua: wanafunzi wakiondoka, je, nyumba hii yafaa kukaa mtu mwingine, muuguzi au karani au mwenye familia? Ikiwa haifai ila kwa mwanafunzi wa chuo kimoja tu, basi amejifunga kamba kwenye mti usio wake.

UJUE UNANUNUA NINI

Yafaa kila nyumba ya Kiislamu ifahamu jambo hili la msingi. Kwa sheria ya nchi yetu, ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu hamiliki udongo, bali humiliki haki ya kuutumia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ndizo zinazotawala mambo haya. Katika mji, haki hiyo huandikwa katika hatimiliki, nayo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Katika kijiji, huwa ni hakimiliki ya kimila, nayo iko chini ya Halmashauri ya Kijiji. Asiye raia wa Tanzania hapewi ardhi kama raia. Kwa hiyo jamaa zetu walioko Oman au Uingereza waliokwisha chukua uraia wa huko wasidanganywe kwamba jambo ni jepesi, wala wasiandikishe kwa jina la binamu bila ya kujua hatari yake.

Basi mtu akikujia na kiwanja, mambo ya kwanza kufanya ni haya.

Kwanza, mwombe nakala ya hati, uende nayo katika Ofisi ya Msajili wa Hati ukaombe upekuzi. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kiwanja. Majibu yatakuonyesha mwenye kiwanja ni nani, kama kimewekwa rehani, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Muuzaji akikataa kutoa nakala ya hati, umekwisha jibiwa bila ya kwenda ofisini.

Pili, kiwanja kisicho na hati hakikatazwi kununuliwa, walakini kina taabu zaidi. Nenda kwa afisa ardhi wa Manispaa au wa Wilaya uulize eneo lile limepangiwa matumizi gani. Wako watu waliojenga nyumba nzuri mahali palipokusudiwa njia au shule. Kisha nenda kwa Serikali ya Mtaa, na kama ni kijijini, kwa Halmashauri ya Kijiji, kwani mauziano ya ardhi ya kijiji yahitaji idhini yake. Malipo yoyote utakayoyatoa, taka stakabadhi.

Tatu, tembea katika kiwanja mara mbili, siku ya jua na siku ya mvua kubwa, na hasa wakati wa masika. Tazama maji yapita wapi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mji wetu una mito kama Rau na Karanga. Huko mlimani tazama pia kama mfongo wapita hapo, yaani ule mfereji wa kale wa kunyweshea migomba. Ukiuziba mfongo umewanyima maji watu wote wa chini yako, na hilo halikubaliki kwa mila, wala kwa sheria, wala kwa dini.

Nne, muulize muuzaji kama ana mke au mume, nawe umwone huyo mwenziwe kwa macho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wa wanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Mara ngapi tumeona mke akipata habari ya kuuzwa nyumba yake siku mnunuzi ajapo na mafundi kupima madirisha! Mnunuzi wa namna hiyo amenunua kesi.

Tano, andika. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani Tukufu, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Sisi twaihifadhisha kwa watoto, kisha twauziana viwanja kwa kupeana mikono chini ya mwembe. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, bei itajwe kamili, mipaka itajwe, fedha zipite benki, na kodi za serikali zilipwe kwa bei ya kweli. Kuandika bei ndogo kuliko ile iliyolipwa, ili kukwepa kodi, ni kusema uwongo mbele ya mashahidi wawili, na siku ya ugomvi mahakama itasoma ile bei ndogo.

KIHAMBA NA HAKI YA MABINTI

Hapa twarudi kwenye lile kosa letu. Kihamba kwa Mchagga si kiwanja cha kawaida. Ni makaburi ya wazee, ni migomba na kahawa, ni jina la ukoo. Kwa mila hurithiwa na watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho, wala hakiuzwi kwa mtu wa nje bila ya ukoo kukaa na kukubaliana. Mila hiyo ilihifadhi ardhi isitawanyike, na kwa hilo ina sifa yake. Lakini kwa binti ilikuwa nzito, kwa kuwa ilimwacha mikono mitupu.

Sisi Waislamu hatuna udhuru katika jambo hili. Mafungu ya mirathi yametajwa katika Suratun Nisaa, na binti ametajwa kwa fungu lake. Kumnyima kwa kisingizio cha mila ni kuchagua mila juu ya Kitabu. Na sheria ya nchi nayo imesema. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri lililotoka kwa Wahaya, aliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikathibitisha usawa wa mwanamke katika kupata na kumiliki ardhi.

Kwa hiyo, mnunuzi akiambiwa, “Hii ni ya baba, nami ndimi mkubwa,” na aombe aone mambo mawili: barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, na orodha ya warithi wote pamoja na ridhaa yao kwa maandishi. Na amtafute binti aliyeolewa mbali. Yeye ndiye asahauliwaye, na yeye ndiye ajaye msingi ukiisha jengwa. Tena Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya kwamba mwenye kutwaa shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Shubiri ni upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Basi vyumba kumi ni shubiri ngapi?

Na ugomvi ukitokea, kumbuka kwamba tangu mwaka 2021 Baraza la Kata limebakiwa na kazi ya kusuluhisha, wala halikati tena mashauri ya ardhi. Hukumu hutafutwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Suluhu ni bora, na haina gharama nyingi.

HESABU YA DALALI NA HESABU YA KWELI

Jumapili yule mama alipokuja, tulikaa pamoja na mwashi wa mtaani petu tukaipitia ile hesabu ya dalali. Vyumba kumi, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa miezi 12, jumla yake shilingi 7,200,000 kwa mwaka. Gharama aliyoiandika ilikuwa shilingi milioni 21. Kwa hiyo miaka mitatu tu na fedha zimerudi. Hesabu ile haikuwa na kosa la kujumlisha. Kosa lilikuwa katika vitu visivyotajwa.

Mwashi aliuliza, “Je, kiwanja chenyewe kimo?” Hakimo. “Na vyoo, na mashimo yake? Na kuvuta maji ya mamlaka? Na umeme? Na milango, na nondo za madirisha, na ukuta?” Havimo. Dalali alihesabu kuta na bati tu. Mwashi aliweka vyote, na jumla ikafika shilingi milioni 65.

Kisha tukaja kwenye mapato. Wanafunzi huondoka baada ya mitihani mwezi wa Julai, na wengi hawarudi mpaka Oktoba au Novemba. Tukahesabu miezi tisa. Tena hapana nyumba ijaayo siku zote, basi tukahesabu vyumba vinane badala ya kumi. Nane mara 60,000 mara tisa ni shilingi 4,320,000. Toa mlinzi, maji, rangi, bomba lililopasuka, kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, na kodi ya pango ya TRA. Tukatoa shilingi 1,120,000, zikabaki 3,200,000. Gawanya milioni 65 kwa hizo, utapata zaidi ya miaka 20.

Mama alinyamaza. Kisha akauliza, “Basi nyumba za kupangisha hazina faida, Maalim?” Tukamjibu kwamba zina faida, na mtu aliyejenga kwa fedha yake mwenyewe, polepole, hubaki na nyumba ambayo wajukuu wake watairithi. Lakini ni faida ya mti wa mparachichi, si ya mchicha. Anayekuahidi mavuno ya mchicha kutoka mparachichi, ama hajui kilimo, ama anajua na anataka ada yake. Dalali hulipwa siku ya mauziano, hata kama wewe utalia baadaye. Hatusemi hivyo kwa kuwatukana madalali, kwani wako waaminifu, bali kila mtu na ajue mwenziwe ala wapi.

MKOPO ULIOFICHWA NYUMA YA HATI

Likabaki swali moja. Mama ana milioni 30, na nyumba yahitaji milioni 65. Hizo 35 zitatoka wapi? Akasema, “Dalali amesema anajua wakopeshaji. Watachukua hati kuwa dhamana, na riba ni asilimia 15 kwa mwaka.”

Kuwa riba ni haramu, hilo hatukuhitaji kumwambia, ni mwanamke mwenye kusali. Tulimfanyia hesabu tu. Asilimia 15 ya milioni 35 ni shilingi 5,250,000 kwa mwaka. Nyumba yaleta 3,200,000. Kwa hiyo kila mwaka riba peke yake ingekula pango lote, kisha ingetaka zaidi ya milioni mbili nyingine, na deni lenyewe likabaki pale pale. Mwishowe mkopeshaji angeuza nyumba, na pamoja na nyumba zingekwenda zile milioni 30 za mayatima. Aliyetuumba alitukataza jambo hili akijua linatuelekeza wapi.

Mwenye haja ya mtaji ana njia nyingine. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina Benki ya Amana, inayofanya kazi kwa misingi ya Sharia, na benki nyingine kadhaa zimefungua madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha, benki hununua kitu, kisha hukuuzia kwa bei inayojulikana pamoja na faida yake, isiyoongezeka kwa kuchelewa. Hata hivyo, deni la halali nalo ni deni. Soma karatasi zake kwa uangalifu uleule, wala neno la Kiarabu juu ya karatasi lisikulevye.

Njia ya pili ni ushirika. Jamaa watatu wenye kuaminiana huweza kuchanga, kila mmoja fungu lake likaandikwa, faida ikagawanywa kwa mapatano, na hasara ikamfika kila mmoja kwa kadiri ya mtaji wake. Wakulima wa kahawa wa mlima huu walichanga nguvu zao zamani. Haishindikani leo.

MPANGAJI NI AMANA

Neno la mwisho ni juu ya wale watakaokaa katika vyumba hivyo. Mwanafunzi ni mtoto wa mtu. Wazazi wake wako Singida au Pemba, na mkopo wake wa chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo mara nyingine huchelewa. Mwenye nyumba akidai kodi ya mwaka mzima kabla ya kufunguliwa mlango, kijana hukopa, na binti hutafuta msaada mahali pasipofaa. Twasema wazi: yako mabaya katika mji huu yaliyoanzia kwenye kodi ya chumba.

Basi mwandikie mkataba mfupi anaoufahamu. Mkubalie alipe kwa muhula. Mpe stakabadhi. Weka kufuli imara, taa nje, na maji yasiyokatika. Usichanganye vyumba vya wasichana na vya wavulana katika ua mmoja wenye choo kimoja. Ajapo Muislamu au Mkristo, mpe haki moja, kwani mkataba ni mkataba. Mwenye nyumba wa namna hii hapati taabu ya kutafuta wapangaji, wao humtafuta.

Tena asisahau zaka. Nyumba unayokaa haina zaka. Nyumba ya kupangisha, kwa kauli ya wengi wa wanavyuoni, haitolewi zaka katika thamani yake, bali pango lililobaki mkononi likifika nisabu na kupitiwa na mwaka hutolewa asilimia mbili na nusu. Lakini aliyenunua kiwanja kwa nia ya kukiuza, hicho ni mali ya biashara, nacho hutolewa zaka kwa thamani yake kila mwaka.

MWISHO WA JAMBO

Wiki ile mama alimwomba dalali nakala ya hati apeleke kwenye upekuzi. Dalali alimwambia hapana nafasi, kwani yuko mnunuzi mwingine, na mwisho ni Ijumaa. Ijumaa ikapita, naye akakaa na fedha zake.

Ulipita karibu mwaka. Kisha wakapatikana mzee mmoja na mkewe, wastaafu, waliotaka kurudi kijijini kwao, nao walikuwa na nyumba ndogo ya vyumba vinne upande wa Msaranga. Haikuwa nzuri sana, na bati lake lilikuwa limeanza kushika kutu. Lakini hati ilikuwapo, upekuzi ulirudi safi, mke wa mzee alikaa mbele ya wakili akatia sahihi yake mwenyewe, na bei ilitoshana na fedha zilizokuwapo, bila ya mkopo. Katika karatasi ya mauziano yaliandikwa majina ya watoto wawili pamoja na la mama yao, kila mmoja kwa fungu lake. Chumba kimoja amepangisha muuguzi, na viwili wasichana wa chuo. Cha nne wakaa wenyewe. Pango ni dogo, nalo latosha ada ya shule.

Siku ya mauziano mama alitutaka tuwe shahidi. Tulisita, kwa sababu ya yale ya zamani. Kisha tukauliza maswali yetu yote, moja baada ya moja, mpaka wakili akatabasamu, ndipo tukatia sahihi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku halali, iwe ndogo au kubwa, atulindie mali za mayatima wetu, na amfidie yule fundi kwa hasara iliyompata kwa sababu ya uzembe wetu. Amin.